Mlango wa Byamungu

Wiki tatu zimepita tangu tumzike Byamungu, na watu wa mtaa wetu, Kilibula, sasa wananisalimia kwa namna ambayo sikuizoea. Wanaume walionipita barabarani kwa miaka sita wanasimama, wananipa mikono miwili, wanacheka kidogo na kusema, "Sekreteri, weye iko hatari." Wanadhani nilimlipizia marehemu kisasi. Nililipiza kweli, na sijutii hata neno moja nililoandika. Lakini kila wanaponisifu ninarudi kichwani kutafuta kila mmoja alikuwa wapi mwaka ule, nani alicheka, nani aligonga, na mwisho ninajifikia mimi mwenyewe. Ndiyo maana nimekaa kuandika, kabla sijazizoea sifa hizi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na shahada yangu ya usimamizi ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki niliokuwa nikiupangusa vumbi kila Jumatatu. Nilikuwa nimepeleka barua za kuomba kazi katika kila ofisi niliyoweza kuifikia kwa miguu, na kila jioni nilikuwa nikizisoma upya nakala zake kutafuta kosa. Je, niliandika "kwa heshima kubwa" au "kwa heshima zote"? Je, ndiyo sababu? Kazi pekee niliyokuwa nayo haikuwa na malipo: nilikuwa sekreteri wa komite ya mashabiki wa Mukeke, timu yetu ya mpira, kwa sababu nilijua kuandika ripoti na kwa sababu wengine wote waliikataa. Komite ilikutana kwa Mama Sifa, katika chumba cha meza mbili kilichopakwa rangi ya kijani hadi nusu ya ukuta, rangi ilipoishia. Redio ilining'inia kwenye msumari kwa kamba ya mpira. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda, sakafu ya Mama Sifa ilitoa unyevu, na sote tulikula tukiwa tumeweka miguu juu ya tofali. Tulikula bugali ya muhogo na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, siku nyingine sombe ya majani ya muhogo, na tulibishana mpaka bugali ikapoa na kuwa ngumu.

Nieleze desturi moja, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kwetu timu ikishinda, watu wanashuka uwanjani na kumbandika mchezaji noti kwenye paji la uso. Jasho ndilo linaishikilia. Ni furaha, na si mshahara wa mtu. Ila mwenyekiti wa timu, ambaye sote tulimwita Prezida Kashindi, mwenye depo ya saruji na sukari kule Kavimvira, alikuwa ameanzisha mtindo wake: kando ya mstari iliwekwa ndoo ya bluu, na kila mchezaji alipotoka alibandua noti zake na kuzitumbukiza humo, kwa ajili ya timu, alivyosema. Ndoo iliondoka na gari la Prezida. Wachezaji walikuwa wameahidiwa pia mshahara wa kila mwezi. Alitamka mwenyewe mbele ya timu nzima mwanzoni mwa msimu, nami nikauandika kwenye daftari la ripoti. Msimu ulifika katikati na hakuna aliyekuwa ameuona.

Siku tuliyowashinda watu wa bandarini, kipa wetu Byamungu alitoka uwanjani na noti nne usoni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye viganja vipana ambavyo mashabiki waliviita makabati, kwa kuwa mpira ukiingia humo umefungiwa. Aliifikia ndoo. Akaipita. Akavuka geti akiwa na noti zake usoni, akashika barabara ya Kilibula hivyohivyo, hakuzibandua wala hakuzificha, akifuatwa na wenzake kumi ambao nao hawakugusa ndoo. Kesho yake kapiteni alituma habari ya greve, yaani mgomo: hakuna mshahara, hakuna mechi. Na mechi iliyokuwa inafuata ilikuwa dhidi ya Luberizi, watu wa mchele, ambao tungewakopesha mama zetu kuliko kufungwa nao.

Jioni hiyo kwa Mama Sifa hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Mwalimu Elie, jirani yake Byamungu, aliyefundisha shule ya msingi, ndiye aliyeanza. "Minye niko mwezi wa nne bila mushahara," alisema, "na chaki nanunua mwenyewe. Nimeacha watoto?"

"Ndiyo maana watoto wako wanajua kuimba tu, Mwalimu," alisema Fiston, dereva wa pikipiki, au moto kama tunavyoiita.

Watu walicheka, na Mwalimu akangoja wamalize. "Weye Fiston, ile moto iko ya mwenyewe. Kila jioni unamupelekea pesa yake, ukikosa anachukua ufunguo. Greve yako iko wapi?"

"Minye sina muntu analipa mulangoni ili aniangalie napanda moto. Sasa wale Jumapili uwanja unajaa. Watu wanakuja kumuona nani? Wanakuja kumuona Prezida amekaa kwenye kiti ya plastiki?"

"Bila Prezida hakuna viatu, hakuna mipira, hakuna lori ya kuenda Luberizi."

"Basi aweke saruji kwenye golo. Saruji haiombi mushahara."

Mama Sifa, ambaye alikuwa akipitisha sahani juu ya vichwa, alisema bila kumtazama mtu, "Nyinyi wote munaongea mushahara ya watu wengine, na hapa kuna sahani sita hazijalipwa." Mimi nilikuwa nikiandika. Mwalimu aliponigeukia na kuuliza, "Sekreteri, iko namna gani katika daftari? Aliahidi ao hakuahidi?" nilifungua ukurasa ule, nikauona mwandiko wangu mwenyewe, nikasema kwamba maneno yalikuwa ya jumla, kwamba inategemea mtu anaelewaje neno ahadi. Hadi leo sijui kwa nini nilisema hivyo. Au ninajua: nilifikiri kwamba siku moja nitaomba kazi Kavimvira.

Siku haikukawia. Prezida Kashindi aliniita siku mbili baadaye. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya mifuko ya saruji, chumba chenye feni, kalenda tatu, na harufu ya sukari iliyomwagika. Nje walisikika wabadilisha fedha wakiita watu waliotoka mpakani. Alinipa chakula kwanza: mukeke wa kukaanga, mzima, samaki yuleyule wa jina la timu yetu, na wali wa Luberizi, jambo lililomchekesha mwenyewe. "Kula watu wa Luberizi, mutoto yangu, mbele hawajatukula." Kisha akanionyesha meza pembeni. Ilikuwa na droo yenye ufunguo. Alizungusha ufunguo, akavuta droo tupu, akairudisha. "Hii meza inatafuta muntu ya kuandika," alisema. "Lakini mbele uniandikie tangazo. Watu wajue nani anawauza."

Niliandika palepale kwa nusu saa, nikiwa na mafuta ya samaki vidoleni. Nilikuwa nimejifunza miaka mitano kuandika barua ambazo hakuna aliyezijibu, na sasa mtu mmoja alikuwa ananingojea. Nilitaka iwe nzuri. Nilimtaja Byamungu kwa jina, kwa kuwa ndiye wa kwanza kuipita ndoo. Niliifuta sentensi ya mwisho mara tatu mpaka ikakaa hivi: "Anayeuza mapenzi ya watu wake kwa mshahara, kesho atauza na mlango wa nyumba yake." Niliposema labda aisome kabla, Prezida alikunja karatasi akaitia mfukoni pamoja na miwani. "Minye sisomi mara mbili. Nitaisikia pamoja na watu." Alijivunia jambo hilo. Kiongozi anayejizoesha nyumbani, alisema, ni mtu anayeogopa. Niliona ujinga mkubwa ndani yake, nikauhifadhi bila kujua nautunzia nini.

Jumapili, siku ya mechi na Luberizi, aliisoma kwenye mikrofoni mbele ya uwanja uliojaa, huku timu ya akiba ikipasha miili moto. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyekula vizuri. Alipofika kwenye neno mlango, watu walinguruma. Nilikuwa nimeketi chini ya jukwaa na nilihisi joto la aibu na la fahari kwa pamoja, na nikiwa mkweli fahari ilizidi. Tulifungwa mabao manne. Kipa wa akiba aliwashika wenzake zaidi kuliko mpira. Na kwa kuwa ilibidi apatikane wa kulaumiwa, watu walitoka uwanjani wakiwa na sentensi yangu mdomoni.

Mke wa Byamungu, ambaye tulimwita Mama Neema kwa jina la binti yake, aliuza ndakala kavu sokoni. Siku ya Jumatatu mteja wa kwanza aliinama kwenye ungo wake, akapima samaki kwa jicho, akauliza, "Na mulango, iko bei gani?" Nilikuwa meza ya tatu, ninanunua chumvi. Mama Neema hakuelewa. Wa pili akauliza vilevile, wa tatu akawa anacheka kabla ya kufika. Hadi Ijumaa kila aliyepita mbele ya nyumba yao aligonga mara moja na kutaja bei. Baadhi walitaja bei nzuri. Ndakala zake ziliota ukungu. Asubuhi moja mlango haukuwepo. Vijana walikuwa wameung'oa na bawaba zake, mlango wa mbao ambao Byamungu alikuwa ameutengeneza mwenyewe alipooa, na hatukuuona tena. Nilipita pale kana kwamba naenda kwingine. Byamungu alikuwa amesimama katika tundu la mlango, mikono ikishika nguzo mbili za pembeni kama anavyosimama golini, naye akanisalimia. "Dada, umeamka?" Nikasema nimeamka. Mama Neema, aliyekuwa ndani akikunja mikeka, hakunisalimia.

Wachezaji walirudi mmojammoja, wakacheza bila mshahara, ndoo ikarudi mahali pake. Byamungu hakurudi. Alikwenda Luberizi kulima mpunga katika shamba la mtu mwingine, akawa anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Nami nilivaa sketi yangu ya kuhitimu, nikapanda moto ya Fiston hadi Kavimvira. Kwenye meza yenye droo alikuwa ameketi mpwa wa Prezida, msichana wa miaka kumi na minane, anapaka rangi kucha. Prezida alinipokea mlangoni, hakuniingiza. "Mutoto yangu, weye iko na akili mingi sana. Hii kazi itakuchosha." Akanipa kilo mbili za sukari ndani ya mfuko. Nilizibeba hadi nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka Fiston anione usoni, na njia nzima nilimjibu Prezida kwa majibu mazuri ambayo yalikuwa yamechelewa. Niliendelea kumjibu kwa miaka sita. Nilimjibu nikifua, nilimjibu kanisani. Baadaye nilipata kazi ndogo ya kuchapa barua za watu karibu na soko, na kila karatasi tupu niliyoitia kwenye mashine niliiona kama yake.

Kisha Byamungu akaumwa kifua huko tambarare ya Luberizi, akafa kabla hajafikishwa hospitali, na maiti ikaletwa Kilibula juu ya magunia ya mpunga. Jioni hiyo Fiston alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu. Prezida Kashindi, alisema, anataka kusema kwenye mazishi. Sasa anatafuta kura, na watu wa Kilibula ni wengi. "Anaomba weye umuandikie. Dakika tano. Anasema weye unajua."

"Bado anasoma palepale, bila kujizoesha?" niliuliza.

"Hajabadilika," alisema Fiston. Akawasha pikipiki, akaizima tena. "Andika vizuri, Sekreteri."

Nilifikiri kila kitu, kama kawaida yangu, na kwa mara ya kwanza maishani kufikiri kupita kiasi kulinisaidia. Nilichapa kwa herufi kubwa ili miwani isimsumbue na asipate sababu ya kumpa mtu mwingine asome. Ukurasa wa kwanza niliujaza sifa: viganja vya Byamungu, upole wake, mapenzi ya mwenyekiti kwa vijana wake. Niliisoma nikijifanya Prezida, kwa sauti nzito, nikapima pumzi. Sentensi ya mwisho ya ukurasa ilikuwa hii: "Lakini marehemu ameondoka akinidai kitu kimoja, na leo, mbele ya mkewe na mbele yenu nyote, nataka kukitaja." Ukurasa wa pili ulianza: "Ni mshahara wa msimu mzima, ambao mimi niliahidi kwa mdomo wangu na sikumlipa, na nikamwita msaliti alipoudai." Kulikuwa na sentensi nyingine chini yake, iliyotaja maneno ya tangazo na mtu aliyeyaandika. Niliichapa. Niliitazama muda mrefu. Nikachapa ukurasa upya bila hiyo.

Uani kwa Byamungu tulikaa juu ya mikeka na viti vya kukodi. Nyumba haikuwa na mlango hata sasa: Mama Neema alikuwa amefunga tundu kwa kipande cha bati na waya, miaka yote hiyo, na kila aliyeingia kumwona marehemu alilazimika kulifungua lile bati na kulisikia likilia. Msemaji wa familia alikuwa Mwalimu Elie. Kwetu, kabla jeneza halijainuliwa, msemaji husimama na kuuliza kama kuna mtu anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, na anayejua ajitokeze hapo, maana baada ya udongo hakuna wa kumsikiliza. Prezida alipewa nafasi kabla ya swali hilo. Alivaa miwani, akafunua karatasi, akaanza. Alisoma vizuri, Mungu anisamehe, alisoma vizuri kuliko nilivyotumaini. Alipofika "nataka kukitaja" alitulia kwa uzito, akatazama watu, akageuza ukurasa.

"Ni mshahara wa msimu mzima, ambao mimi," alisoma, na hapo akanyamaza.

Nilimwona akisoma kwa macho mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza alikuwa anasoma mara mbili. Jasho lilitoka pale kwenye paji la uso, mahali pa noti. Nilitamani dakika ile isiishe.

"Ambao weye nini?" alisema Fiston kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida tu.

"Tunakusikiliza, Prezida," alisema Mwalimu Elie. "Endelea."

Kulikuwa na watu mia kadhaa na jeneza. Angeweza kukunja karatasi, lakini alikuwa amekwisha kusema deni lipo, na katika mazishi ya kwetu hilo halirudishwi mdomoni. Aliisoma sentensi hadi mwisho, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba. Mwalimu akasimama akauliza swali la familia kama desturi, akaongeza, "Mumoja amekwisha kusema. Tunangoja tendo." Prezida akatoa bahasha ya rambirambi, akaongeza kile kilichokuwa mfukoni, akamwomba dereva wake kilichokuwa kwenye gari. Alipomnyooshea Mama Neema, yeye hakuinua mkono. Akasema kwa wanawake waliokaa naye, "Muniletee ndoo." Wakaleta ndoo ya kuoshea vyombo, bado ina maji chini. Prezida akainama, mbele ya watu wote anaotafuta kura zao, akatumbukiza.

Nilikuwa nimengoja miaka sita na ilikuwa tamu kama nilivyodhani. Siwezi kudanganya hapa. Wakati wanainua jeneza nilikuwa bado natabasamu ndani, na ndipo Mama Neema alipopita karibu yangu akiwa ameshikwa na wanawake wawili, akasimama.

"Anasoma vile mwandikaji anataka," alisema polepole. "Siku ile pia alisoma hivyo. Sivyo, Sekreteri?"

Akaelekeza kidevu kwenye lile bati.

"Ule mulango, wakati unaandika, ulifikiri iko bei gani?"

Wanawake wakamvuta, msafara ukaondoka. Wiki iliyofuata nilimpelekea fundi vipimo nilivyopima kwa macho siku ya mazishi, kisha nikaogopa macho yangu, nikarudi na kamba Mama Neema alipokuwa sokoni na kupima tundu upya, mara tatu. Fundi alichonga mlango wa mbao ngumu, bawaba mpya, komeo. Fiston alinisaidia kuubeba. Mama Neema alikuwa anachambua ndakala uani. Aliutazama mlango, akautazama mkono wangu uliokuwa umechomwa na kibanzi.

"Weka pale inje," alisema. "Nitaangalia."

Tuliuegemeza ukutani, kando ya bati. Ninapita kila asubuhi nikienda kazini. Mvua imekwisha kuupiga mara mbili, na upande wa chini umeanza kubadilika rangi. Bati bado limefungwa kwa waya. Sijathubutu kumwomba autie mahali pake, na yeye hajauuza.